Muziki wa sebuleni: fidla, udi na nzumari nje ya kumbi kubwa, kutoka Vienna hadi Msambweni

Ukitaja muziki wa klasiki kwenye baraza la Ukunda au Msambweni, wengi hupata picha moja tu: ukumbi mkubwa wa mjini, viti vya kitambaa chekundu, watu sabini jukwaani waliovaa nguo nyeusi, na tiketi ya bei ambayo mvuvi wa Gazi hawezi kuilipa. Picha hiyo si ya uongo, ila ni nusu ya mambo. Upo upande mwingine wa muziki huo ambao haukuzaliwa ukumbini kabisa. Ulizaliwa sebuleni, ukapigwa na watu watatu, wanne au watano, na waliousikiliza walikaa karibu kiasi cha kumsikia mpigaji akivuta pumzi.

Makala haya yanaeleza muziki huo ni nini, umetolewaje kwenye kumbi na kupelekwa mahali pasipotarajiwa, una undugu gani na taarabu yetu, na ni masharti yapi ya kuzingatiwa ukitaka kuuleta Kwale kwa kushirikiana na wapigaji wetu. Suala hili linatuhusu. Diani ina hoteli nyingi na wageni wengi, na muziki hauishi huko. Lakini sehemu kubwa ya muziki huo hupigwa kwa ajili ya mgeni aliyeketi mezani, si kwa ajili ya mtoto wa Msambweni. Tukikaribisha sanaa nyingine bila kufikiri, tutaongeza meza moja tu kwenye hoteli zile zile.

Jina na maana yake

Waitaliano waliuita musica da camera, yaani muziki wa chumba. Kwa Kiswahili, kusema "muziki wa chumbani" kutaleta kicheko, maana chumbani kwetu ni pa kulala. Afadhali tuuite muziki wa sebuleni, kwa kuwa sebuleni ndipo mgeni anapokaribishwa.

Kanuni yake ni nyepesi kueleza, ngumu kutenda. Kila mpigaji ana sehemu yake peke yake, na hakuna mwongozaji anayesimama mbele na kijiti. Katika okestra kubwa, fidla nyingi hupiga sauti moja, na mmoja akikosea wenzake humfunika. Sebuleni hakuna pa kujificha. Wapigaji huongozana kwa macho, kwa pumzi na kwa kutikisa kichwa, vile vile ambavyo wapiga ngoma wetu hupokezana bila kuambiana neno.

Kundi linalojulikana zaidi ni la watu wanne: fidla mbili, viola na selo. Viola ni kama dada mkubwa wa fidla, sauti yake imeshuka kidogo. Selo hushikwa kati ya magoti, na sauti yake iko karibu na ya mwanamume anayeimba. Aliyelipa kundi hili umbo tunalolijua ni Joseph Haydn, Mwaustria aliyezaliwa mwaka 1732 na kufariki mwaka 1809, ambaye aliliandikia kazi zaidi ya sitini. Mwimbaji mmoja wa Ireland, Michael Kelly, aliacha kumbukumbu ya karamu aliyohudhuria Vienna mwaka 1784. Haydn alipiga fidla ya kwanza, Dittersdorf ya pili, Mozart alishika viola, na Vanhal selo. Watunzi wanne wenye majina walikaa nyumbani kwa rafiki wakipigiana muziki, na wageni wengine wakisikiliza.

Kumbi maalumu za kulipia zilizoea muziki huu baadaye, hasa katika karne ya 19. Kwa hiyo anayeupeleka barazani, shuleni au ufuoni hauvunjii heshima. Anausogeza karibu na kwao.

Fidla si mgeni Pwani

Wako watakaouliza: sisi na fidla wapi na wapi? Jibu ni kwamba tuna zaidi ya miaka mia moja nayo. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri na akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni. Mwaka 1905 vijana wa Unguja walianzisha Nadi Ikhwan Safaa, kundi la taarabu ambalo lipo hadi leo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na ndizo zilizomfikisha katika nyumba ambazo hakuwahi kuzitia mguu. Kundi lake lilikuwa la watu wachache: sauti yake, vyombo vya nyuzi na vya kupigwa kwa mkono. Kwa kipimo chochote kile, huo ni muziki wa sebuleni. Culture Musical Club ilifuata mwaka 1958, nayo ikajulikana kwa safu ya fidla, udi, kanuni, akodiani na besi kubwa.

Upande wetu wa Kenya, Mombasa ilikuwa na mkono wake. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa, alikuwa fundi wa udi aliyeheshimiwa mwambao mzima. Juma Bhalo aliifuata njia ya mahadhi ya Kihindi. Taarabu yao iliingia majumbani na arusini kuanzia Lamu hadi Vanga. Kisha kinanda cha umeme kikaja, mtu mmoja akaweza kutoa sauti ya fidla, ya nai na ya ngoma kwa vidole vyake kumi, na mwenye arusi akaona nafuu ya gharama. Hatuwezi kumlaumu. Lakini leo mtoto anaweza kuisikia sauti ya fidla kwenye spika mwaka mzima asiione fidla yenyewe hata mara moja.

Hata nyumba zetu za kale zilijengwa kama za muziki huu. Nyumba za mawe za Waswahili zina vyumba virefu na vyembamba, upana wake kama mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki mbali zaidi ya hapo. Ukuta ni mnene, wa mawe ya matumbawe na chokaa, nao huirudisha sauti badala ya kuimeza. Madaka yaliyochongwa ukutani huuvunja mwangwi usigonge kwa pamoja. Chumba cha namna hiyo kwa okestra ni balaa, kwa udi na fidla mbili kinatosha na kuzidi.

Nao Wadigo na ndugu zao Wamijikenda wana hazina yao. Ngoma ya sengenya ina ngoma za ukubwa tofauti zinazojibizana, na juu yake nzumari. Nzumari ni ndugu wa obo ya Ulaya: vyote viwili hupulizwa kwa ulimi wa pande mbili unaotetema mdomoni. Fundi wa nzumari huweka hewa mashavuni akavuta nyingine kwa pua, sauti isikatike. Wapo wapigaji wa obo waliosoma miaka mingi ambao wangekaa chini kujifunza hilo kwake. Iko pia chivoti, filimbi ya kulalia midomoni, na kayamba. Ushirikiano tunaouzungumza, basi, si wa mwenye chombo na asiye nacho.

Waliouondoa ukumbini

Mifano ya dunia ni mingi. Nitaitaja mitatu, kila mmoja una funzo lake.

Wa kwanza ni wa kifungoni. Tarehe 15 Januari 1941, katika kambi ya wafungwa wa vita iliyoitwa Stalag VIII-A, kule Görlitz, Mfaransa Olivier Messiaen na wafungwa wenzake watatu walipiga kazi aliyoitunga yeye mwenyewe kambini. Vyombo vilikuwa klarineti, fidla, selo na piano. Hakuvichagua kwa sababu ya uzuri wa kupatana kwake. Ndivyo vilivyokuwa na wapigaji. Wasikilizaji walikuwa wafungwa na walinzi, katika baridi kali. Kazi ile leo ni miongoni mwa zinazopigwa sana za karne iliyopita. Funzo: tunga kwa ajili ya watu ulio nao, usiwasubiri usio nao.

Wa pili ni Matt Haimovitz, mpigaji wa selo. Alikuwa amezoea kumbi kubwa tangu utotoni, lakini kuanzia mwaka 2000 alianza kuzunguka Amerika Kaskazini akipiga kazi za Bach za selo moja katika vilabu, baa na mikahawa. Alikwenda peke yake, bila vipaza sauti vya tamasha wala msururu wa wasaidizi. Funzo: ukipunguza mizigo, unafika mbali.

Wa tatu ni wa London. Tangu mwaka 2011, okestra iitwayo Multi-Story imekuwa ikipiga katika jengo la ghorofa la kuegesha magari mtaani Peckham. Treni hupita kando, upepo huingia kila upande. Lakini okestra hiyo haikuishia kupiga na kuondoka. Iliingia katika shule za jirani, wanafunzi wakawa sehemu ya kazi zenyewe. Funzo: mahali pageni pasipo na watu wa pale ni mapambo tu.

Kongo, Korogocho na Forodhani

Karibu na kwetu mambo hayakukosekana. Mjini Kinshasa, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alikuwa rubani aliyekosa kazi. Mwaka 1994 alianzisha okestra ya waumini wa kanisa lao. Vyombo vilikuwa vichache kuliko watu, ikabidi wapigaji wapokezane. Uzi wa fidla ukikatika, walitia waya wa breki ya baiskeli. Mwaka 2010 filamu ya Kijerumani ya maisha yao iliwatambulisha duniani, lakini walikwisha kupiga kwa miaka mingi kabla ya kamera kufika.

Nairobi, mwaka 2008, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics huko Korogocho, kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la St. John's, karibu na jaa la Dandora. Watoto wa mtaa ule walifundishwa fidla, selo, tarumbeta na nota. Baadhi yao baadaye wakawa walimu wa wadogo zao. Mradi huo ulivuka hadi Mombasa, kwa hiyo upande wa pili wa kivuko cha Likoni tayari wako vijana wa Pwani wanaosoma nota.

Unguja, chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kinachojulikana kwa herufi DCMA, kilifungua milango mwaka 2002, na kwa miaka mingi kilikaa katika jengo la zamani la forodha, barabara ya Mizingani. Pale kijana aliweza kujifunza kanuni asubuhi na selo jioni, nota za Ulaya na maqamu za Kiarabu chini ya paa moja. Wageni waliokuja kufundisha waliondoka wamefundishwa. Hata hivyo, mwaka 2019 chuo kilitangaza kwamba kinakaribia kufunga kwa ukosefu wa fedha. Sifa ilikuwa imeenea dunia nzima, mishahara ya walimu haikuwepo. Hilo ni onyo kwa yeyote anayedhani kwamba makofi yanatosha.

Na kwa upande wa utunzi, Justinian Tamusuza wa Uganda aliwaandikia wapigaji wanne wa Kronos Quartet wa Marekani kazi iliyojengwa juu ya muziki wa Buganda. Ilitoka katika albamu yao ya mwaka 1992, Pieces of Africa, pamoja na kazi ya Hamza El Din, Mnubi mpigaji wa udi. Fidla za Ulaya zilibaki zile zile. Kilichogeuka ni nani anayezipa la kusema.

Ushirikiano wenyewe hufanyikaje

Kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni ya kupiga kwa zamu: wageni wapige zao, sengenya ipige yake, watu waende nyumbani. Haina ubaya, ila huo ni ujirani, bado si ushirikiano. Ya pili ni ya kuchanganya: wimbo unaojulikana hapa, fidla zikiufuata. Hapo hatari ni kwamba fidla huwa kama sukari juu ya chai iliyokwisha kutiwa sukari. Ya tatu ni ya kutunga upya pamoja, kila upande ukiacha nafasi kwa mwingine. Hii huchukua siku, si saa.

Ugumu wa kwanza ni wa sauti zenyewe. Mpigaji wa Ulaya hukaza nyuzi za fidla yake sol, re, la, mi. Wapigaji wengi wa Misri hukaza sol, re, sol, re, ili uzi ulio wazi uitikie maqamu. Baadhi ya maqamu yana sauti inayoangukia katikati ya vitufe viwili vya piano. Fidla na selo hazina vizuizi kwenye shingo, hivyo kidole kinaweza kuitafuta sauti hiyo na kuipata, piano haiwezi. Ndiyo maana kundi la nyuzi linafaa zaidi kukaa na udi kuliko piano. Nzumari nayo haikazwi wala kulegezwa. Sauti yake imeamuliwa na fundi aliyetoboa matundu. Basi fidla ndizo zimfuate nzumari, na hili liamuliwe siku ya kwanza, si usiku wa onyesho.

Ugumu wa pili ni karatasi. Mmoja anasoma nota, mwingine ameshika yote kichwani. Mwenye karatasi huhesabu. Mwenye kumbukumbu hungoja ishara. Dawa yake ni kwamba msomi wa nota afundishwe kwa kusikia kwanza, na karatasi iandikwe baadaye, majina ya waliofundisha yakiwa juu yake.

Mahali pa Kwale: panapofaa na pasipofaa

Nje, sauti haina ukuta wa kuirudisha. Ukiongeza umbali maradufu, nguvu ya mkandamizo wa sauti hupungua nusu. Wasikilizaji wa safu ya mbele watafurahi, wa nyuma wataona mikono ikienda na kurudi tu. Kwa hiyo idadi iwe ndogo, watu sitini au themanini, wakae duara, na nyuma ya wapigaji pawe na ukuta.

Darasa la shule ni mahali pazuri kuliko linavyodhaniwa. Ukuta wa mawe, sakafu ya saruji, watoto wenyewe wakiwa ndio kitambaa cha kupunguza mwangwi. Ua la nyumba ya zamani, mathalani katika kijiji cha Gazi kilichokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa Mazrui katika karne ya 19, linafaa jioni baada ya upepo kutulia. Banda la wavuvi linafaa siku ya maji mafu, wakati vyombo vingi vimepumzika. Sehemu ya kungojea hospitalini inafaa kwa udi mmoja na selo moja, kwa ruhusa ya wakubwa wa pale na kwa muda mfupi, maana mgonjwa hakuja kusikiliza muziki.

Mahali pengine panataka kufikiriwa mara mbili. Mapango ya Shimoni, ambamo kwa mapokeo ya wenyeji watumwa walifungiwa wakisubiri kuvushwa, yana mwangwi ambao mpigaji yeyote wa selo angeutamani. Lakini pale ni pa msiba. Kama muziki utaingia, wenyeji wanaoyatunza waseme kwanza ni muziki gani na siku gani, na isiwe kwa ajili ya picha.

Na mahali pengine hapana kabisa. Kaya Kinondo iko hatua chache kutoka hoteli za Diani, na tangu mwaka 2008 kaya za Wamijikenda zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mgeni huingia akiwa amejifunga kitambaa cheusi na akiongozwa na wenyeji. Kaya si ukumbi usio wa kawaida. Ni mahali pa ibada na makaburi. Vivyo hivyo Msikiti wa Kongo kule Diani, hata kama uzuri wake unamshawishi mpiga picha. Anayetafuta mahali papya ajue kwamba kwa wengine mahali hapo si papya.

Dini na heshima ya jirani

Tusilifunike suala hili. Wako masheikh wanaoona vyombo vya nyuzi havifai, na wako wanaotofautisha kati ya muziki wa upuuzi na ule wa adabu. Makala haya hayatoi fatwa. Yanasema tu kwamba anayeandaa onyesho katika kijiji cha Waislamu aanze kwa kubisha hodi: kwa mzee wa mtaa, kwa imamu, kwa kina mama wa kikundi. Ratiba ifuate swala. Kuanza alasiri na kumaliza kabla ya magharibi ni bora kuliko kusimamisha wimbo katikati adhana inapotoka. Mahali walipokataa, pamekataliwa.

Muziki huu una neema moja hapa: hauhitaji spika. Jirani asiyeutaka hatalazimishwa kuusikia usiku kucha, jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa maudhi, na ambalo kanuni za kelele za mwaka 2009 zilitungwa kulizuia.

Sheria na haki ya mwenye ngoma

Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni. Kwa ufupi, sheria hiyo inaitambua jamii kuwa ndiyo mwenye ngoma zake, na anayetaka kuzitumia kwa faida lazima apate idhini yake na wakubaliane juu ya manufaa. Mgeni akirekodi sengenya, akaiweka chini ya fidla na kuiuza, hawezi kusema ni wimbo usio na mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010 nayo imeziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, kwa hiyo ofisi ya utamaduni ya kaunti ina kazi hapa, tena ya mapema.

Kabla ya zoezi la kwanza, yaandikwe kwa Kiswahili mambo manne: malipo ya kila mpigaji kwa siku ya mazoezi na siku ya onyesho, jina la kila mmoja kwenye tangazo, kwa herufi za ukubwa mmoja, nani anamiliki sauti na picha zitakazorekodiwa, na kitakachobaki kijijini wageni wakishaondoka. Mzee wa nzumari asilipwe soda na nauli wakati mpigaji wa fidla amelipwa mshahara. Hilo likitokea mara moja, mlango hufungwa kwa miaka.

Chumvi, joto na gharama

Fidla ni ubao mwembamba ulioshikwa na gundi. Unyevu wa Pwani huuvimbisha ubao, vigingi vikakwama. Joto la gari lililofungwa juani hulegeza gundi, mshono ukaachia. Chombo kisiachwe kwenye buti la gari wala kuwekwa juani dakika tano. Kipanguswe chumvi na jasho kila baada ya kupigwa, nyuzi za akiba ziwepo. Msimu nao una neno lake: masika ya Aprili hadi Juni hayafai kwa ua lisilo na paa, na upepo wa kusi hupeperusha karatasi za nota kama huna vibanio.

Upande wa gharama, watu wanne na vyombo vyao huingia katika gari moja dogo. Hawahitaji jenereta wala jukwaa. Wanahitaji viti vinne visivyo na mikono, kivuli, na maji ya kunywa. Ndiyo sababu muziki huu unaweza kufika Vanga au Lunga Lunga, mahali ambapo tamasha kubwa halitafika.

Mcheza kwao hutunzwa

Swali la mwisho ni la nani atafaidika. Onyesho la jioni moja, likiisha na picha nzuri, halibadilishi kitu. Kipimo ni kitakachokuwepo mwaka unaofuata. Je, kuna fidla mbili zilizobaki shuleni, na mwalimu anayelipwa kuzifundisha? Je, nzumari imepata mwanafunzi? Je, kuna wimbo mmoja mpya ambao watu wa Msambweni wanaujua kuwa ni wao?

Tamasha la muziki la shule na vyuo nchini lilianza mwaka 1927, na kila mwaka watoto wa Kwale hupanda jukwaani kuimba na kucheza. Njia ya kuwapata vijana ipo. Wapigaji wazee bado wapo, ingawa si wengi. Wageni wenye fidla wanapita Diani kila msimu, na baadhi yao wangefurahi kuombwa kitu kigumu zaidi ya kupiga kando ya bwawa la kuogelea.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi tuanze na utunzo. Mgeni atakuja na fidla yake na atakaribishwa, lakini akute mwenyeji ameketi na chombo chake mkononi, si amesimama mlangoni ameshika sinia.